Bajila za Ijumaa

Kila Ijumaa asubuhi, Yaqdhan na mama yake walikaa jikoni, katika nyumba yao ya ghorofani mtaani Ruwi, wakimenya bajila, yale maharage makubwa yanayochemshwa na kuliwa kwa ndimu na pilipili. Ijumaa moja simu ya mama ikalia. Alisikiliza kwa muda, akasema, "Naam, daktari, nimefahamu." Kisha akalichukua bakuli mikononi mwa mwanawe na kulimwaga kwenye pipa la taka.

"Mama, vipi? Zimeoza?"

"Hatuli tena bajila. Wala usile kwa watu."

"Kwa nini?"

"Nishasema, Yaqdhan."

Tangu siku hiyo nyumba ilipoa. Mama alikuwa akimtazama Yaqdhan kwa siri, na mwanawe akigeuka, mama anatazama birika. Baba alikuwa kazini mbali, mjini Salalah. Yaqdhan alikaa dirishani akisikiliza wenzake wakicheza mpira chini. Alikumbuka kwamba wote nyumbani walitolewa damu kwa ajili ya utafiti wa vinasaba, yaani vile tunavyorithi kwa wazazi wetu. Bila shaka wameona kitu kibaya ndani yangu, aliwaza, na mama ananionea aibu.

Jioni moja Thani, mtoto wa jirani, alimwita kwao. Sinia la bajila lilikuwa linafuka moshi, na watoto wa mpira wamelizunguka.

"Mbona huli? Mama yako anaogopa zitakung'ata?" Thani alimtania, na wenzake wakacheka.

Yaqdhan alikuwa amechoka kuwa peke yake. Akala mpaka akashiba.

Haukupita muda mrefu, macho yake yakawa ya manjano na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Hospitalini aliongezewa damu. Alipopata nafuu, akaja Daktari Jawaher, msimamizi wa ule utafiti. Alivuta kiti karibu na kitanda, akazungumza na Yaqdhan kwanza.

"Umezaliwa na damu isiyopatana na bajila. Ukizila, chembe za damu yako zinavunjika. Wako wengi kama wewe. Ukijiepusha nazo, pamoja na dawa chache nitakazokutajia, utacheza mpira kama wenzako. Hukuambiwa?"

Yaqdhan alitikisa kichwa.

"Nilichelea kumtia hofu," mama alisema polepole.

"Hofu anayo, dada yangu, ila ameibeba peke yake. Majibu ya utafiti hatumlazimishi mtu kuyajua. Ndiyo maana nilikuuliza kwanza, ukasema unataka. Lakini majibu haya ni ya mtoto. Wewe umewekewa amana tu, na amana hufikishwa kwa mwenyewe, kwa maneno anayoyaweza. Tena hali hii hurithiwa kwa mama na huwapata zaidi wavulana, na dada yako Muhsina ana watoto wa kiume. Huenda nao wanayo hali hii, na mimi siwezi kumwambia habari zenu bila ruhusa yako."

Daktari aliwaacha wawili. Mama alitoa simu kwenye mkoba, akaitazama, akaiweka juu ya shuka.

"Nitampigia Muhsina sasa hivi," alisema. "Lakini kwanza wewe."

Yaqdhan alisogea, akampa nafasi kitandani.

"Hali hii imetoka kwangu, mwanangu. Mimi ndiye niliyekurithisha. Kila nikikutazama nilikuwa naona haya, nikashindwa kusema. Haya ilikuwa yangu mimi. Wewe huna la kuonewa aibu, na wala hukuwa nalo."