Majibu ya Maji ya Kisima

Kila asubuhi kabla ya shule, Nelima aliteka maji kwenye kisima cha ploti yao, nyumba za kupanga pembeni mwa mji wa Eldoret. Siku moja aliyatazama maji hayo kwa wasiwasi. Mdogo wake, Mabonga, alikuwa akiharisha tangu juzi, na watoto wa majirani walikuwa wamelazwa hospitalini.

Maji ya kisima yalikuwa yamepimwa. Majibu yalikuwa kwa Mzee Kimeli, karani wa ofisi ya afya, lakini hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mzee Kimeli ndiye aliyekuwa mwenye ploti, na aliishi humo humo. Ofisini alikuwa serikali, nyumbani alikuwa landlord.

"Mama, si tumuulize tu?" Nelima alisema.

"Unataka tulale nje?" Mama alinong'ona. "Nyamaza, atasikia."

Shuleni, Mwalimu Chelimo alifundisha kwamba sheria inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo katika ofisi za umma, bila kueleza sababu.

"Na kama huyo wa kuulizwa ni jirani yako, mwalimu?" Nelima aliuliza.

"Swali hilo huwasumbua watu wa nchi za visiwa vidogo," Mwalimu alisema. "Huko karani ndiye jirani, tena shemeji, na watu huogopa kumuudhi. Sheria iliyoigwa kutoka nchi kubwa haiwatoshi mpaka iwalinde na woga huo. Inafaa watu waweze kuomba kama kundi, asijulikane nani alianza. Ploti yenu nayo ni kisiwa, Nelima."

Jioni Nelima alimweleza Mama hayo. Mama alimtazama Mabonga aliyelegea kitandani, kisha akajifunga leso na kubisha mlango mmoja baada ya mwingine.

Kesho yake wamama wote wa ploti waliingia ofisini, Nelima nyuma yao. Mzee Kimeli alifunga mlango.

"Nani amewatuma?"

"Hakuna aliyetutuma, Mzee. Ni sisi sote," Mama alijibu. "Tunaomba majibu ya maji."

Mzee alivuta droo, akatoa karatasi.

"Ni machafu," alisema hatimaye. "Choo kinavuja hadi kisimani. Niliogopa mkijua mtahama."

Kisima kilifungwa siku hiyo hiyo, na kaunti ikaleta lori la maji safi. Mabonga alitibiwa, akapona.

"Niliogopa kulala nje," Mama alimwambia Nelima, machozi yakimtoka, "nusura nimlaze mtoto wangu kaburini. Mwanangu, habari ya maji tunayokunywa ni yetu. Ukiogopa kuuliza peke yako, tafuta wenzako mwulize pamoja."