Mwacheni Afike Mzanini

Lifti ya jengo la maduka iligoma Jumamosi mchana, watu wamefurika hadi mlangoni, na wenye mizigo wakawa wanaitukana utadhani ina masikio. Fundi wa lifti alipofika, wakanyamaza kidogo, maana hawakutegemea kumwona mwanamke. Alivaa ovaroli ya bluu iliyopauka magotini, buti nzito, na kitambaa cha manjano alichokifunga kichwani kwa madaha, kama wa kwenda harusini. Aliingia chini, akagonga hapa, akakaza pale, na kabla watu hawajamaliza kuguna lifti ikapanda. Akajifuta mikono ageuke aondoke. Hapo ndipo macho yake yalipotua kwenye duka la mabegi lililokuwa ubavuni mwa lifti.

Ukutani lilining'inia begi la mgongoni la kupandia milima, jekundu, kubwa, mifuko hadi basi. Alilipenda papo hapo.

Mwenye duka alikuwa kijana wa shati jeupe lililonyooka kwa pasi, tepu ya kupimia ikimzunguka shingo. Majirani zake wa biashara walimwita Kipimo, kwa sababu hakumuuzia mtu begi bila kumpima, hata uwe na haraka ya kuwahi ndege.

"Nishushie lile jekundu," fundi alisema.

"Unakwenda nalo wapi?"

"Mlimani. Kulala huko siku kadhaa."

"Geuka basi nikupime mgongo."

"Mimi nimekuja kununua begi. Ningetaka gauni ningekwenda kwa fundi cherehani."

Kipimo alicheka, na fundi akaona kijana ana kicheko kizuri, akajikasirikia kwa kukiona. Akageuka. Kipimo akamwomba ainamishe kichwa, akatafuta kile kifupa kinachochomoza chini ya shingo, akashusha tepu hadi usawa wa juu wa nyonga. Fundi alikuwa mrefu, lakini urefu wake wote ulikuwa miguuni. Mgongo wenyewe ulikuwa mfupi. Kipimo akamweleza kwamba lile jekundu lingemning'inia, mkanda wa kiunoni ungemwangukia makalioni, na mzigo wote ungebaki mabegani. Mzigo wa siku nyingi, alisema, unabebwa na nyonga. Mabega yanausindikiza tu.

Fundi hakuamini. Basi Kipimo akalijaza lile jekundu vifuko vya mchanga, akamwambia apande ngazi hadi ghorofa ya juu. Alirudi mabega yakimwaka moto, lakini uso ameukaza. Kipimo akahamishia mchanga uleule kwenye begi la kijivu, fupi, lisilo na mvuto wowote, lenye mkanda mpana. Akamfunga kiunoni kwanza, kisha akakaza mabegani, kisha kifuani. Safari hiyo fundi alikawia hadi Kipimo akaanza kuchezwa na machale kwamba ametoroka nalo. Kumbe alipanda mara mbili. Alirudi anahema huku anacheka, akadai mchanga umepunguzwa.

"Fungua uhesabu," Kipimo alimwambia.

Akafungua, akahesabu. Mchanga ulikuwepo wote. Akamtazama yule kijana kwa jicho jipya, na begi la kijivu akaondoka nalo siku hiyohiyo, pamoja na namba ya simu.

Sasa nikwambie kwa nini begi lilikuwa jambo zito kwake. Alikuwa wa mwisho kuzaliwa, nyuma ya kaka wanne wenye vifua vya mabondia, na nyumbani kwao mpaka leo wanamwita Kitinda. Tangu chekechea hakuwahi kubeba mkoba wake mwenyewe. Leo ni fundi, anafungua mashine zinazobeba watu, lakini akifika tu mlangoni kwa mama yake, kaka mmoja anaruka kumpokea hata kimfuko cha nyanya. Wanampenda, hilo halina ubishi. Lakini mtu anayepokelewa kila kitu huishia kuonekana hawezi chochote, na Kitinda alikuwa amechoka kuonekana hivyo.

Chama cha wapanda milima alichojiunga nacho kilikuwa hakijawahi kuwa na kiongozi wa msafara mwanamke. Anayetaka uongozi hupewa mzigo wa chama: hema, kamba, sufuria, jiko la gesi. Mzigo hupimwa kwenye mzani langoni mwa mlima siku ya kuondoka, hupimwa tena siku ya kurudi, na chakula na maji huwekwa kando. Uzito ukiwa uleule, na mwenyewe kaubeba njia nzima, amefaulu. Ukipungua, hata kwa sufuria moja, basi. Kitinda alikuwa amejiandikisha.

Mapenzi yao yalikulia kwenye ngazi. Kitinda alikuwa na ruhusa ya kuingia kila jengo refu la mji ule, na kila jioni baada ya kazi walikutana mahali, yeye na begi la mchanga, Kipimo na chupa ya maji. Walipandisha wakitaniana. Kipimo alisema hajawahi kusikia mapenzi ambayo fundi wa lifti anamlazimisha mpenziwe kupanda kwa miguu. Asubuhi simu ilikuwa lazima.

"Nyonga zimeamkaje, laazizi?"

"Zimeamka salama. Mabega yanakusalimia."

"Ukiona yanauma, niite nije niyaulize."

"Wewe uza mabegi huko."

Majirani wa dukani walishajua. Walisema Kipimo amekufa ameoza, na hawakukosea. Siku hizi aliweza hata kumuuzia mtu begi bila kumpima.

Msafara ulipoondoka, Kipimo alikwenda pia, kama mpandaji wa kawaida. Siku mbili za mwanzo Kitinda alikwenda vizuri, mbele ya wanaume wengi. Asubuhi ya tatu alitoka hemani anachechemea. Mkanda ulikuwa umemchubua nyonga zote mbili, ngozi imetoka. Alijikaza kisabuni, hakulalamika kwa mtu, akachukua chupa akaenda kuteka maji kijitoni.

Kipimo alibaki na lile begi, na moyo ukamuuma kwelikweli. Akafungua, akatoa sufuria na jiko la gesi, akavitia kwenye begi lake. Kitinda aliporudi akamwambia amempangia upya, vizito ameviweka karibu na mgongo. Kitinda akavaa, akatikisa mabega, akashangaa. Hakuwa na sababu ya kushuku. Si alishahesabu mchanga kwa mkono wake? Mtu huyuhuyu alishamwonyesha kwamba begi likikaa vizuri, mzigo hupungua bila kupunguzwa.

Siku ile alitembea kifalme. Juu ya kilima, palipokuwa na mtandao, alimpigia mama yake. Kipimo alikuwa hatua chache nyuma na alisikia kila neno.

"Mama, nimezoea. Wallahi mzigo siusikii tena. Waambie kaka zangu waje langoni kesho, wote, waje waone."

Hapo ndipo Kipimo alipopaswa kusema. Alifungua mdomo, akaona uso wa Kitinda ulivyong'aa, akaufunga. Alijiambia atasema jioni, na jioni akajiambia asubuhi, na asubuhi akajidanganya kwamba ataupata mwanya wa kuvirudisha kabla ya lango.

Mwanya haukupatikana. Kaka wanne walikuwa langoni wamejipanga, mama yao katikati yao. Kitinda akaenda moja kwa moja mzanini huku anatabasamu. Mwenyekiti wa chama, mzee asiyecheka ovyo, akapima, akakunja uso, akapima tena. Akauliza sufuria iko wapi. Kitinda akacheka, akasema imo humo, akazama mkono ndani ya begi, akaanza kutoa kimoja kimoja, na kila alichotoa kilimnyima kicheko kidogo. Kipimo akajitokeza mbele ya watu wote, akafungua begi lake, akaweka sufuria na jiko chini.

Mwenyekiti alilifuta jina la Kitinda. Kaka mkubwa akamshika dada yake bega, akamwambia kwa upole asijali, kwani nani alimlazimisha. Upole ule ndio uliomchoma zaidi.

Kitinda akamgeukia Kipimo.

"Nilimwambia mama yangu nimezoea," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Ulikuwa nyuma yangu, ukanisikia, ukaniacha niseme."

Akaondoka na kaka zake. Begi alilibeba kaka wa tatu.

Baada ya hapo simu za Kipimo ziliita mpaka zikakata. Ujumbe alioandika ulisomwa, haukujibiwa. Lifti ilipoharibika tena, Kitinda alikuja, akatengeneza, akapita mbele ya duka bila kupepesa macho, kitambaa chake safari hiyo cheusi. Kipimo alinywea. Wateja walimwuliza kitu cha hapa yeye akajibu cha kule. Lakini pia alikuwa na muda wa kufikiri, na akiwa anampima mteja mmoja mnene aliyekuwa amepungua, tepu mkononi, ndipo kosa lake lilipomsimamia mbele wazi. Alifunga duka saa ileile, mteja bado ana mikono juu, akapiga tena. Siku hiyo simu ilipokelewa.

"Sema," Kitinda alisema.

"Sijapiga kujitetea."

"Vizuri. Maana nilikuwa nakata."

"Nilikupima siku ya kwanza, sikukupima tena. Ngazi zote zile ulizopanda zilikupunguza kiuno, mkanda ukabaki wa zamani, ukawa unacheza na kukuchubua. Mimi ndiye fundi wako. Nilitakiwa nipunguze mkanda, nikapunguza mzigo."

Kipimo alisikia mashine ya lifti ikinguruma upande wa Kitinda.

"Uliniona siwezi," Kitinda alisema.

"Nilikuona unaumia. Nikaogopa maumivu yako kuliko nilivyoheshimu uwezo wako. Nimekukosea, Kitinda. Nakupenda, na nimekukosea."

"Nyumbani nina wanne wa kunihurumia. Sihitaji wa tano."

"Najua."

"Mtihani upo tena mvua zikikatika. Usije mlimani."

"Siji. Lete begi tu nikurekebishie mkanda."

Kesho yake begi lililetwa na tarishi, mwenyewe hakuja. Kipimo akamwomba kwa simu ajipime kiuno na amtajie. Alitaja, kwa sauti ya mtu anayejibu polisi, kisha akauliza kama amekula. Kipimo alikaa chini kwa furaha. Alifumua mkanda, akaufupisha, akashonea sponji mpya, akaurudia kushona mara mbili. Simu za asubuhi zikarudi kidogo kidogo. Mara nyingi Kipimo alianza, "Kuna kitu nataka kukuuliza," na Kitinda akamkatisha kwamba yeye sasa ana mtihani.

Msafara wa pili ulipoondoka, Kipimo alibaki mjini akiuza mabegi. Siku ya kurudi alifika langoni kabla ya mwenyekiti. Mama na kaka wanne wakaja, wakasimama mbali naye. Mvua isiyotarajiwa ikaanza kunyesha, na wapandaji wakaanza kutokeza mmoja mmoja wamelowa chapachapa, jamaa zao wakikimbia kuwapokea mabegi. Kitinda hakuwamo. Wakatoka wengine, hakuwamo. Mama yake akaanza kusali kwa midomo.

Kisha akaonekana kwenye kona. Matope hadi kiunoni, kitambaa kimemshuka usoni, anatembea taratibu mno, begi la kijivu limekaa mgongoni pale linapotakiwa kukaa. Akateleza, akaanguka kwa goti moja.

Kaka mkubwa akachomoka mbio. Kipimo, mwembamba yule, akamwingilia njiani akatanua mikono.

"Kaka, usimguse."

"Toka mbele yangu. Humwoni mdogo wangu kaanguka?"

"Namwona. Ukilishika begi umemwangusha kabisa. Nilishafanya hivyo mimi. Mwacheni afike mzanini."

Kaka mkubwa alikunja ngumi. Mama yake akamwita kwa nyuma, kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu utotoni, akamwambia asimame palepale. Akasimama. Wote wakasimama kwenye mvua wakimtazama Kitinda anavyoshika magoti yake, anavyovuta pumzi, anavyoinuka. Kipimo alijing'ata mdomo hadi ukatoka damu, lakini mguu wake haukusogea.

Kitinda alipita katikati yao bila kumtazama mtu, akafika mzanini. Mwenyekiti akatoa chakula na maji, akalifuta hema maji ya mvua kwa taulo lake mwenyewe, akapima. Akapima tena, maana ndivyo alivyo. Halafu akavua kofia.

"Kiongozi," alimwambia, na kumpa mkono.

Langoni pakalipuka vigelegele, na aliyeanza ni mama yake. Kitinda akalia waziwazi, akimtafuta mtu kwa macho, akampata.

"Sasa uliza," alimwambia Kipimo. "Hilo swali lako la kwenye simu. Uliza hapahapa, ndugu zangu wasikie."

Kipimo akauliza kama atakubali kuwa mke wake.

"Nimekubali," Kitinda alisema. "Ila nikibeba, niache nibebe. Nikichoka nitakuita kwa jina."

Kipimo akasema ataitika. Alipomkumbatia, matope yote yakahamia kwenye shati jeupe, na hakuna aliyewahi kumwona amependeza vile.

Kaka mkubwa, kwa mazoea ya maisha yake yote, aliinama kulichukua begi alipeleke kwenye gari. Mkono ulikuwa umeshagusa mkanda alipousitisha. Akasimama wima mbele ya dada yake, maji ya mvua yakimchuruzika kidevuni.

"Kiongozi," alisema, "naomba ruhusa."