Mawe ya Nyumba ya Kobe

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Anton alirudi Ntalikwa kutoka misitu ya Sikonge, madebe ya asali yakiwa nyuma ya baiskeli, na mfukoni mwa koti kobe mchanga, mdogo kama kifuniko cha birika.

"Shikamoo, baba," alisema binti yake Koleta.

"Marahaba. Nimekuletea mgeni. Hataki nyama, hataki ugali, wala hanung'uniki kama bibi yako."

"Nimekusikia, wewe!" Bibi Veneranda alimjibu mwanawe kutoka jikoni. "Utalala na huyo kobe leo."

Koleta akacheka. Hakuwa amecheka tangu surua ilipomchukua mdogo wake. Chakula alikuwa akikisukuma tu, na shingo yake ilikuwa imekonda kama bua. Mama yake, Tekla, alikisikia kicheko kile akaamua moyoni: kobe huyu lazima aishi.

Kesho yake, Anton alipokwisha kurudi porini na Bibi kwenda kulala shambani kuwinga ndege, Tekla alimtengenezea kobe makao katika pembe ya sebule, mbali na moshi. Alichukua sanduku la chai, akalijaza mchanga mkavu, akalaza chungu kilichovunjika ili kobe apate pa kujificha. Akaweka kisahani cha maji, chenye kina kifupi, asije akazama. Akakata majani laini ya mchunga.

"Usimshikeshike," alimwambia Koleta. "Mgeni huachwa kwanza azoee nyumba."

Kobe aling'ata jani. Koleta akang'ata tonge. Jani, tonge, mpaka sahani ya ugali ikaisha.

Lakini ukingo wa sanduku ulikuwa mfupi. Kobe alipanda, akaanguka chali. Yalihitajika mawe bapa ya kuuinua, tena yanayotunza joto la jua. Ardhi ya hapo ni mchanga mtupu. Mawe yalikuwa mahali pamoja tu: kwenye rundo kando ya njia ya zamani ya misafara, ambapo kila apitaye huweka jiwe moja. Tekla mwenyewe, aliyeolewa hapo kutoka Kigwa, alikuwa ameweka mengi bila kuuliza sababu.

"Nitarudisha mengine," alijisemea, akajaza kapu.

Alasiri ile kobe akaacha kula. Alichimba pembe ya mbali na mawe, akajifukia. Kisahani kilikuwa kikavu. Tekla akakijaza. Kabla hajakaa kilikuwa kikavu tena, na mchanga haukulowa.

Asubuhi Koleta alitoka chumbani polepole, shingo kaikaza, mikono kaiachia pembeni.

"Shingo inakuuma, mwanangu?"

"Mzigo mzito, mama."

"Mzigo gani?"

Mtoto alinong'ona, kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Wa mjomba aliyekaa pale kwa kobe. Kaniomba nimshikie kidogo, anywe maji."

Tekla akatazama. Sanduku. Chungu. Mawe. Na ukutani, juu kidogo ya sanduku, udongo ulikuwa umelowa, kwa upana wa mgongo wa mtu aliyeketi.

Kufikia mchana Koleta alikuwa ameinama, kidevu kinagusa kifua. Pumzi ilitoka kwa shida. Bibi Veneranda aliitwa, akaja mbio, akanyoosha mkono ampapase mjukuu wake kichwani. Mkono haukufika kwenye nywele. Uligota kitu hewani.

"Tekla," alisema kwa sauti ya chini. "Mawe haya umeyatoa wapi?"

"Kwenye rundo, mama."

"Zamani msafara ulimwacha mpagazi pale na mzigo wake, akiwa bado anapumua. Tunamwekea mawe alale, asimfuate mtu kuomba msaada. Wewe umemwamsha. Na nyumba umempa."

Tekla hakungoja. Akayang'oa mawe yote, akajitwika kapu, akatoka.

Jua lilikuwa kali. Njia ilikuwa tupu. Kapu liliongezeka uzito. Nyuma yake zilifuata nyayo za mtu pekupeku, zikikokota. Hakugeuka. Akafika.

Hakuweza kujitua.

Ndipo mikono miwili ikashika kapu kutoka nyuma, taratibu, ikamsaidia kulishusha chini.

Tekla aliyarudisha mawe moja moja, macho yake chini. "Pumzika," alinong'ona. "Mwanangu ni mdogo. Hajui kubeba."

Akakimbia.

Nyumbani Koleta alikuwa ameketi wima, akila uji na kuomba zaidi. Kobe alikuwa ametoka mchangani, anatafuna mchunga. Tekla alimpakata mtoto, akalia mpaka akachoka, kisha akachukua kitana amchane nywele.

Kitana kiliteleza.

Utosini nywele zilikuwa zimekwisha, kwa umbo la duara. Ngozi ya hapo ilikuwa ngumu, inang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Bibi Veneranda alisogea, akaangalia, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Baba yangu alikuwa na duara kama hili," alisema. "Alianza kubeba pembe za ndovu kichwani kwenda pwani akiwa kijana. Lilikuja kutokea uzeeni."

Koleta alikuwa hajaanza shule. Nywele hazikuota tena mahali pale.