Aliyepita kwenye Kiunganishi

Chumba cha mitambo cha kituo cha watoto kilianza kunuka maziwa. Si maziwa ya chai. Maziwa ya mama, yale yanayokaukia kwenye nguo. Fundi alijinusa kifuani, akacheka kwa uchovu. Binti yake alikuwa ameacha kunyonya zamani, na sasa alikuwa akilelewa vyumba viwili kutoka hapo, katika kituo hicho hicho.

Kazi ya fundi ilikuwa lango. Mzazi akija kumchukua mtoto, lango linamtazama usoni, linauliza hifadhidata, lile daftari la majina ndani ya kompyuta, kama mtoto ni wake, ndipo linafunguka. Kati ya lango na hifadhidata kulikuwa na programu ndogo, kiunganishi, kama mshenga anayepeleka maneno huku na huku. Kwa miezi mingi waliokitengeneza walituma onyo lile lile: kina tundu, mgeni anaweza kupita, weka toleo jipya. Fundi akabonyeza "Baadaye." Si uzembe, jamani. Toleo lililopita liligoma, lango likajifunga, wazazi wakalowa mvua huku wakimtukana, na mkuu wa kituo akamkataza kugusa kinachofanya kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kila mtu anajua, lakini mtu aliyechoka hata ukuta anauahirisha.

Kesho yake harufu ikaja na sauti. Ndani ya mvumo wa feni, mtu alikuwa akibembeleza mtoto. Mlezi wa wadogo akaja mlangoni, uso umemsawijika, akanong'ona kwamba watoto wote wamelala kabla ya saa yao, na wote wamegeuza nyuso kuelekea chumba hiki, wanatabasamu.

Fundi akafungua hifadhidata. Kila mtoto alikuwa na mama wawili. Wa juu alikuwa na jina na picha. Wa chini hakuwa na jina, na mahali pa picha palionekana mgongo wa mwanamke aliyeketi mbele ya kompyuta, amevaa gauni la fundi.

Hakugeuka. Alimpigia simu fundi wa zamani aliyeujenga mfumo ule, mzee waliyemwita Babu Nywila. Akamweleza harufu, sauti na mama wa pili.

"Amepita tunduni," akasema. "Mtoe kwanza, mwanangu, ndipo uzibe. Ukiziba akiwa ndani, umemfungia na watoto. Futa mistari yake mmoja mmoja, na kila ukifuta, mtaje mama halisi kwa sauti."

Akaanza. Chini, futa, taja. Chini, futa, taja, na kadiri alivyofuta ndivyo ule mbembelezo ulivyotoka kwenye feni na kusogea hadi kisogoni pake, harufu ikawa nzito hata akaisikia ulimini, kitu cha uvuguvugu kikamdondokea begani na kuteremka mgongoni, naye macho yakimuuma, vidole vimekwisha kuzoea safari yao, akifuta wa chini bila kutazama tena, akitaja, akilia, mpaka akafika kwa binti yake aliyemwacha wa mwisho, akabonyeza, akalitaja jina lake mwenyewe, na nyuma yake sauti ikalitaja pamoja naye.

Kisha kimya. Harufu ikakatika. Akaweka toleo jipya, likakubali mara moja bila kero yoyote. Tundu likazibika. Alishukuru Mungu, akatoka nje kuvuta hewa, lango likajifunga nyuma yake.

Alipotaka kurudi, lango lilimtazama usoni. Halikufunguka. Akafuta jasho, akasogea, likamtazama tena. Ndipo akakumbuka kwamba ule mstari wa mwisho aliufuta bila kutazama kama ni wa yule mgeni au ni wake.

Upande wa pili wa vyuma binti yake alikuja akitembea, ameshikwa mkono na mwanamke mwenye gauni kama lake. Fundi akamwita. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi; akaling'ang'ania lango. Mtoto akasimama, akamwangalia kwa adabu kama anavyoangaliwa mgeni, kisha akajificha nyuma ya lile gauni.

"Mama," akauliza, "yule ni nani?"