Pampu Haizimwi

Fundi na shemeji yake walikuwa wameshafika kwenye pampu barabara ya kushukia shimoni ilipoanguka. Kwanza vijiwe vichache vilidondoka majini, wakavipuuza, maana vijiwe vilidondoka kila siku. Kisha ukuta mzima wa upande wa barabara ukajitenga, ukateleza taratibu kama mzee anayeshuka kitandani, ukatumbukia na barabara yenyewe. Wimbi lililotoka pale lilikinyanyua chelezo kilichobeba pampu, likakibwaga, kamba ya nanga ikakatika. Boti yao ndogo ilipinduka na kuzama. Shemeji alirushwa hadi kwenye pembe ya fremu ya chuma, paja likapasuka.

Fundi wa pampu aliachia vali aliyokuwa ameikumbatia, akatazama huku na huku. Shimo lile la mgodi lilitelekezwa miaka mingi likageuka ziwa. Sasa wenye mradi walitaka kulifufua, na kabla ya kuchimba hata kokoto moja, maji yalipaswa kutoka. Kazi hiyo walikuwa nayo wao wawili, Fundi na mume wa dada yake, mchomelea mabomba ambaye mgodi mzima ulimwita Itatosha.

Jina hilo hakupewa bure. Kamba ya nanga ilipoonekana fupi, alisema itatosha. Mabomba ya kutolea maji yalipoisha kabla ya kufika bondeni, akasema hapo hapo patatosha, akaliachia bomba limwage nyuma ya ukingo. Na dada wa Fundi, siku anamwombea mumewe kazi, alisema neno moja tu: "Unampeleka wewe, umrudishe wewe. Mzima."

"Usiangalie damu, niangalie mimi," Fundi alisema. Alivua shati, akalichana, akalifunga paja kwa nguvu zake zote. Kitambaa kililowa papo hapo. Akavua na mkanda wa suruali, akaukaza juu ya jeraha.

"Taratibu, shemeji!"

"Taratibu ndiyo iliyotufikisha hapa. Maji ya kunywa yako wapi?"

Shemeji alichomoa mfukoni chupa ndogo, nusu yake tupu.

"Moja? Watu wawili, jua hili?"

"Si tulikuwa tunaongeza dizeli tu na kurudi? Niliona itato..."

"Usilimalize hilo neno!"

Maji ya shimo yalikuwa ya kijani na makali kama ya betri. Ukiyaonja, ulimi unakufa ganzi. Simu ya Shemeji ilizama na boti, na ya Fundi haikuwahi kupata mtandao humo chini. Barabara ndiyo iliyokuwa njia pekee. Kuta zilizobaki zilisimama wima, na bomba jeusi la kutolea maji, lililopanda ukuta wa pili na kuzunguka ukingoni hadi upande wa barabara, lilikuwa nene na telezi. Fundi aliogelea hadi pale akajaribu kulipanda, akapanda kimo cha mlango, akaporomoka na kuchubuka viganja. Alirudi chelezoni akilitukana bomba, mlima na ukoo mzima wa shemeji yake, kisha akakumbuka kwamba ukoo huo sasa una wapwa zake, akalimeza tusi la mwisho.

Basi wakapiga kelele. Walipaza sauti mpaka makoo yakakauka, wakimwita msimamizi, wakimwita mlinzi, na pembeni yao injini ya pampu ikinguruma vile vile, usiku na mchana, kama ilivyozoea. Hakuna aliyetokea. Siku ya mapumziko kambi ilikuwa tupu, na msimamizi, asiyejua mapumziko, alikuwa ofisini kwake nyuma ya kilima cha kifusi cha mgodi, dirisha lake likitazama mdomo wa bomba.

Kamba ilipokatika, chelezo kilibaki kimeshikwa na bomba peke yake, nalo likawa linakizungusha polepole kuelekea kwenye kovu la ukuta ulioanguka. Juu ya kovu hilo, bonge la udongo na mwamba lilikuwa limetokeza kama paa lisilo na nguzo. Kila baada ya muda lilidondosha kipande. Kimoja kilitua karibu kiasi cha kuwarushia maji usoni.

"Mwambie dada yako..." Shemeji alianza. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Mwambie mwenyewe. Mimi si tarishi." Fundi alimpa maji yaliyobaki yote. Alikuwa na hofu, na hofu hiyo ilimtia hasira zaidi.

Ndipo alipoona jambo. Kovu lilikuwa likichuruzika maji, tena si maji ya mvua, maana mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu. Yalikuwa ya kijani. Fundi aliyafuata kwa macho kutoka ukutani hadi ukingoni, akaukumbuka mdomo wa bomba ulioachwa nyuma ya ukingo ule ule. Miezi yote hiyo walikuwa wakishangaa kwa nini ziwa halipungui! Waliyatoa maji, yakapenya ardhini, yakaulainisha ukuta, yakarudi shimoni. Walikuwa wakitwanga maji kwenye kinu, na sasa kinu chenyewe kilikuwa kinawaangukia.

"Shemeji," alisema, "ninaizima pampu."

Shemeji alifumbua macho yote mawili. "Una wazimu? Pampu haizimwi!"

Ndiyo ilikuwa amri ya kwanza ya mradi. Kuiwasha upya kulitaka kwanza kuujaza mpira wa kunyonyea maji, ndoo kwa ndoo, kutwa nzima. Hata wao, roho zikiwa mkononi, walikuwa wamekaa wakishindana kelele na injini bila kuigusa.

"Mkubwa atatuua!"

"Atuue, mradi aje kwanza. Akiona bomba limekauka mbele ya dirisha lake, atakuja mbio."

Akaizima. Kimya kilichotanda kilikuwa kizito, hata wakasikia maji yakidondoka ukutani, tone baada ya tone. Fundi alichukua kipande cha ubao, akapiga kasia kukivuta chelezo mbali na lile bonge, huku akimsemesha Shemeji asisinzie, akimwuliza majina ya watoto wake mmoja mmoja na kugombana naye alipokosea.

Hawakungoja sana. Msimamizi, ambaye hakuwahi kuuliza mtu ameamkaje ila pampu imeamkaje, alitokea ukingoni anakimbia, shati nje.

"Nani kazima pampu?"

"Mimi!" Fundi alijibu, na hajawahi kufurahi hivyo kugombezwa. "Usisogee upande huo, unabomoka! Leta kamba, kuna mtu anavuja damu!"

Msimamizi aliutazama ukuta, akashika kichwa, akatoweka. Alirudi na mlinzi, wakasimama kwenye ukuta wa pili, ulio mkavu, wakaifunga kamba kwenye gari na kuishusha. Fundi alikisogeza chelezo hadi chini yake. Kamba ikaning'inia juu ya vichwa vyao, ncha yake ikifikika kwa kunyoosha mkono.

"Hiyo itatosha?" msimamizi aliuliza.

Fundi alifungua mdomo, lakini aliyejibu alikuwa Shemeji, ameinuka kwa kiwiko, uso umepauka kama jivu.

"Haitoshi! Ongeza! Ukishaongeza, ongeza tena!"

Kamba ikashuka ikajikunja miguuni pao. Fundi alimfunga mume wa dada yake kifuani na mapajani, akakaza fundo, na Shemeji akamwambia alikaze tena.