Siku Kumi na Tisa

Asubuhi ile meli kubwa ya watalii ilikuwa imefunga gati kisiwani, Malindi, na mji ulikuwa mguu juu. Nje ya geti la bandari madereva wa teksi waliita wageni kwa Kiitaliano cha kubahatisha. Ndani ya ofisi ya wakala wa meli watu walisongamana mbele ya kaunta, feni ikiwapepea joto lao wenyewe. Nasima alijipenyeza katikati yao, baibui lake jeusi lina ukingo wa zambarau, ananukia udi, akaweka pasipoti mbili mbele ya karani.

"Foleni inaanzia huko nyuma, dada," Shamsi alisema bila kuinua kichwa.

"Foleni nshaikaa saa nzima. Nlipofika mbele, mwenzako kaenda kunywa chai."

Shamsi akainua uso, na mambo yakaharibika hapo hapo. Alikuwa kijana nadhifu, shati lake la mikono mirefu limepigwa pasi mpaka linakata, na miaka sita ya kukagua pasipoti ilikuwa imemfundisha kutazama sura za watu bila kuziona. Hii aliiona.

"Hii ya kwanza ya nani?"

"Ya Bi Mumtaz wa Kiponda. Madaktari wamemkataza ndege kwa ajili ya mapafu. Watoto wake wako Durban, wamemkatia tiketi ya meli ya Machi. Mie nnakwenda naye kumtunza."

"Na huyu mtoto kwenye hii ya pili?"

"Mtoto gani?"

"Huyu pichani."

Nasima alijizuia kucheka, akashindwa. "Ndiye mie, miaka tisa na nusu nyuma. Nikague basi, kaka, usinichunguze."

Shamsi akakagua. Kadi za homa ya manjano zilikuwa sawa, kurasa tupu zilikuwepo. Ikabaki tarehe. Meli ingefika Durban tarehe ishirini na tano Machi, na kampuni ya meli haikumpokea abiria yeyote ambaye pasipoti yake haikubakiwa na miezi sita kamili kuanzia siku ya kuteremka. Ya Nasima ilikuwa inaisha tarehe sita Septemba. Ilipungukiwa siku kumi na tisa.

Ofisi ile ilikuwa na desturi yake. Pasipoti ikiwa na kasoro, karani huizungushia tarehe kwa kalamu ya kijani kwenye nakala, kisha humpigia simu mwenyewe siku ile ile, kabla ya alasiri. Duara la kijani maana yake mwenyewe ameshaambiwa, na hakuna anayeuliza tena. Mkono wa Shamsi ulizungusha duara kwa mazoea, huku macho yakiwa kwingine.

"Nipe namba yako," alisema. "Pakitokea jambo nikupigie."

"Jambo gani?"

"Lolote lile."

Na kweli alimpigia kabla ya alasiri.

"Nlitaka kujua kama umefika salama," alisema.

"Kutoka Malindi mpaka Kiponda? Hata kuku hapotei!"

"Wewe si kuku. Ukipotea wewe mie nafanyaje?"

Nasima alicheka mpaka Bi Mumtaz akauliza kutoka chumbani nani huyo. Habari ya pasipoti haikutajwa. Siku ile ya kwanza simlaumu sana Shamsi. Alikusudia kumwambia kesho yake, na zilikuwa zimebaki wiki tano. Pasipoti mpya ilichukua wiki mbili tu. Lakini kesho yake walizungumza saa mbili nzima, na keshokutwa yake vivyo hivyo, na kila siku neno lile lilizidi kuwa zito mdomoni.

Ijumaa ya pili walikwenda Kidichi. Nasima alivaa dera la manjano na mtandio mweupe. Walipita mashamba ya viungo, Shamsi akambandulia gome la mdalasini, akalitafuna kidogo kisha akampa.

"Mchoyo wewe. Unanipa makombo?"

"Naonja kwanza, roho yangu. Nisije nikakupa sumu."

Walikaa kwenye ukuta wa hamamu la zamani, bafu la masultani, na hapo Nasima akamwambia lililokuwa moyoni. Baba yake, Mzee Jaku, alikuwa baharia. Aliondoka Nasima akiwa na miaka saba, akaishia Durban, na sasa figo zote mbili zimekufa. Kila usiku humletea sauti kwenye simu, maneno yale yale: njoo nikuone uso wako, mwanangu, kabla sijaondoka.

"Sikumbuki hata anavyocheka," Nasima alisema. "Nnakwenda kumtunza Bi Mumtaz, lakini nnamfuata yeye. Nikimwona hata siku moja inanitosha."

Shamsi akamshika mkono. Ilikuwa bado siku ishirini na nne. Mtu mwenye roho ya kawaida angesema pale pale. Yeye aliuliza, "Kisha utarudi?"

"Sijui. Bi Mumtaz anataka nikae naye mwaka, pengine zaidi. Utaningoja?"

"Hata kumi," alisema, na uongo ukamkaa kooni pamoja na mdalasini.

Tangu siku ile akawa anajipa moyo. Pengine ofisa wa meli hatatazama. Na akitazama, basi ni sheria, si yeye. Nasima atalia wiki moja, kisha barua ya posa itafika kwao Chwaka, na kilio kitageuka vigelegele. Wapo watu wanaopenda namna hiyo, na wenyewe huona ni mapenzi makubwa.

Usiku wa kuamkia safari Nasima alipiga simu.

"Habibi, nshafunga kila kitu. Nimemnunulia baba kikoi na kofia. Kofia sijui kichwa chake kikubwa kiasi gani, nikachukua ya kichwa changu."

"Nasima..."

"Naam?"



"Lala vizuri, mpenzi."

Tarehe kumi na nane Machi walifika gatini, Bi Mumtaz kwenye kiti cha magurudumu, pajini ana mkoba wa dawa, Nasima nyuma yake amevaa baibui jipya. Shamsi alisimama mezani na orodha ya abiria, ubavuni kwa ofisa wa meli. Pasipoti ya Bi Mumtaz ikagongwa muhuri. Ya Nasima ofisa aliitazama, akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Siku kumi na tisa tu!" Nasima alisema. "Jamani, siku kumi na tisa! Baba yangu anakufa huko. Shamsi, mwambie!"

Shamsi alitazama orodha.

Borafya, mkuu wa ofisi, mwanamke mtaratibu, akaja na faili. "Lakini huyu dada aliambiwa toka Februari," alisema, na akaonyesha nakala. "Duara hili hapa. Nani alimpigia simu?"

Nasima akauona wino wa kijani wa kalamu ya Shamsi. Aliijua. Ndiyo iliyomwandikia jina lake kwenye kipande cha gome kule Kidichi.

"Alinipigia," alisema polepole. "Siku ile ile. Aliniuliza kama nimefika salama."

Hakupiga kelele, na hilo lilimwumiza Shamsi kuliko matusi. Bi Mumtaz akamgeukia Nasima, akanyoosha mkono. "Nipe hicho kikoi na kofia, mwanangu. Nitakwenda peke yangu. Nitampelekea mwenyewe."

Nasima aliomba pasipoti mpya kesho yake asubuhi. Watoto wa Bi Mumtaz wakaahidi tiketi ya ndege, pasipoti ikitoka tu. Mzee Jaku alifariki tarehe thelathini Machi. Pasipoti ikatoka tarehe tatu Aprili. Bi Mumtaz alipiga simu akasema kofia ilimkaa sawasawa.

Katikati ya Aprili, saa nne ya asubuhi, Nasima akaingia tena ofisini. Alivaa nyeupe. Shamsi alikuwa amekonda, na shati halikupigwa pasi.

"Nimekupigia mara mia," alisema kwa sauti ya chini. "Nisamehe. Niliogopa kukukosa. Nitamleta ami yangu kwenu Chwaka hata leo. Niambie nifanye nini."

"Ungeniambia ya pasipoti, hata ukaongeza 'usende, nakupenda', ningekwenda nikamwona baba, na ningerudi kwako. Wallahi ningerudi." Akaweka pasipoti mpya juu ya kaunta. "Ndege yangu kesho. Nakwenda kulitazama kaburi, kisha nikae na Bi Mumtaz. Fanya kazi yako."

"Hii ni ofisi ya meli, Nasima. Kwa ndege huhitaji..."

"Nikague."

Akaifungua. Picha haikuwa ya mtoto tena. Akatazama tarehe, akahesabu, akarudia kuhesabu kwa kituo, huku nyuma foleni inanung'unika. Miaka kumi kamili. Kalamu ya kijani ilikuwa mkononi mwake na hapakuwa na pa kuiweka.

"Iko sawa," alisema. "Unaweza kwenda."

Nasima akaichukua, akaenda.