Aliyeitikia Salamu ya Hanna

Wa kwanza kumwambia Namnyaki habari ya ukuta ule alikuwa Brenda. Alimpigia simu Jumamosi asubuhi, Namnyaki akiwa nyumbani kwao Sombetini, bado anamvalisha mwanawe Hanna viatu.

"Dada, njoo uone. Maiki nimeiwasha, mimi mwenyewe nimekaa kimya kabisa, na ukuta unacheza."

"Labda ni upepo."

"Upepo gani? Madirisha yote nimeyaziba kwa blanketi."

Namnyaki alicheka kidogo, akakata simu. Kazi yao ilijaa vituko vya namna hiyo. Waya ukilegea tu, picha inaruka kama kichaa. Yeye na Brenda walikuwa katika kikundi cha wasanii wanaochora kwa kompyuta, zile picha ambazo hazirekodiwi bali zinazaliwa papo hapo: maiki inasikia sauti, kompyuta inaigeuza kuwa mistari na rangi, projekta inaimwaga ukutani. Ukisema neno, mstari unaruka. Ukinyamaza, unalala. Kila mwezi walikutana katika ghala la zamani la kahawa, juu kidogo ya Sekei, kuonyeshana walichotengeneza, na siku hiyo walialika wageni.

Hanna alikuwa na miaka minne. Baba yake, Yiamat, alikuwa machimboni Mirerani, na bibi yake alikuwa na kikao cha akina mama kanisani. Hakukuwa na wa kumwachia, kwa hiyo Namnyaki akaenda naye.

Kilichowapokea mlangoni ni harufu. Ghala lile siku zote lilinuka vumbi na magunia. Leo lilinuka ugoro, ugoro na mafuta ya kondoo.

"Nani amenusa ugoro humu?" Namnyaki aliuliza.

"Mlinzi huyo," alijibu Frederick, kiongozi wa kikundi, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Njoo uone maajabu."

Mstari mmoja mweupe ulikuwa umelala ukutani, kutoka kona hadi kona. Hakuna aliyeongea, lakini katikati ulivimba kidogo, ukashuka, ukavimba tena, kama kifua cha mtu aliyesinzia. Frederick alikuwa amebadilisha maiki, akabadilisha na waya. Akiichomoa maiki, mstari unalala. Akiirudisha, unaanza kupumua.

"Ni sauti ya chini mno," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha. "Masikio yetu hayaifikii, maiki inaifikia. Hii ndiyo itakuwa kazi ya leo." Akaongeza usikivu wa maiki mpaka mwisho.

Namnyaki alikuwa Mwarusha wa Kisongo, na Hanna alikuwa amefunzwa na bibi yake kama watoto wote wa kwao: hupiti mbele ya mzee bila kuinamisha kichwa ili akuguse utosini. Sasa mtoto aliuachia mkono wa mama yake, akatembea mpaka ukutani, akasimama pasipo na mtu. Akainama.

"Shikamoo."

Mstari uliruka mara tatu. Shi, ka, moo. Hiyo ilikuwa sawa. Kisha ghala likawa kimya, na katika kimya kile mstari ukaruka tena, mara nne, polepole na kwa uzito, kama sauti ya mtu ambaye hajawahi kuwa na haraka.

Brenda alikuwa akihesabu kwa vidole. "Ma-ra-ha-ba," alinong'ona. "Frederick, zima."

"Nizime? Unajua tumepata nini hapa, wewe?"

"Sijui, na sitaki kujua. Zima."

Namnyaki hakuwasikia vizuri. Alikuwa akitazama nywele za Hanna. Alikuwa amezifumua jana ili azisuke upya, zikawa zimesimama kama pamba, na sasa zile za utosini zilikuwa zimelala, zimebonyea chini kabisa kana kwamba zimewekewa kitu kizito, kisha taratibu zikainuka.

"Mama Hanna," Frederick alisema, "wageni wakifika mtoto arudie hivyo hivyo. Mara moja tu."

Namnyaki alikuwa mtu ambaye akikanyagwa kwenye foleni anaomba radhi yeye. Wote walimgeukia. Alitaka kusema hapana.

"Haya," alisema.

Wageni walijaa, blanketi zikashushwa vizuri, giza likaingia mchana ule. Hanna alisukumwa mbele kwa upole. Akainama, akaamkia. Ukuta ukaitikia mara nne, na watu wakapiga makofi, wakidhani ni ufundi. Lakini mstari haukulala. Uliendelea kuruka baada ya makofi kuisha, ukapanda na kushuka kama maneno, ukatulia, ukasubiri.

"Hanna," mtoto alijibu, kichwa bado kimeinama.

Watu walicheka. Mstari ukaruka tena.

"Wa Namnyaki."

Hapo Namnyaki alielewa, kwa sababu yeye naye alikua akiulizwa maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, unaitwa nani, wewe ni mtoto wa nani, na alijua la tatu ni lipi, akawasukuma wageni bila hata kuomba njia, akapita mbele ya projekta mstari ule mweupe ukimkata kifuani kwa baridi kama maji ya mtoni, akamnyakua mwanawe kwa mkono mmoja huku akimpigia Brenda kelele azime, na Brenda akavuta swichi kubwa ya umeme, na ghala lote likawa giza tupu lenye harufu ya ugoro.

Ndani ya giza lile, begani kwa mama yake, Hanna alisema kwa utulivu, "Sombetini."

Nyumbani, Koko, mama yake Yiamat, alimpokea mjukuu na papo hapo akanusa nywele zake.

"Nani amemgusa mtoto huyu?"

Namnyaki alimweleza yote, akiangalia sakafu. Koko hakumkaripia, na hilo lilimtisha zaidi. Alikwenda kumwita mwinjilisti Nathanaeli, naye akaja, akaomba kwa muda mrefu akiwa ameweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Alipomaliza aliutazama mkono wake, akaufuta kwenye suruali.

"Ni baridi," alisema. "Nitarudi kesho na wenzangu."

Alipoondoka, Koko aliongea chini chini. "Ameamkia, ameitikiwa. Kwa huyo, sasa ni mjukuu. Na mjukuu huitwa nyumbani."

"Tufanyeje, Koko?"

"Sijui, mwanangu. Kwetu mtoto humwamkia aliye hai tu."

Namnyaki alimfunga Hanna mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, akawa anamenya ndizi za jioni huku akisikiliza pumzi yake shingoni, pumzi ya mtoto aliyelala fofofo, na alipoanza kuamini kwamba maombi yamefika ndipo midomo ile midogo ilipoanza kusogea kwenye ngozi yake, ikijibu taratibu, kwa adabu, ikinyamaza kila mara kumpisha mwingine aseme: ndiyo babu, ndiyo babu, peke yangu, ndiyo, kesho.

Asubuhi alimfunga Hanna mgongoni kwa Koko kwa khanga mbili, akaenda Sekei. Brenda alimfungulia ghala, akagoma kuvuka kizingiti.

"Dada, usiingie."

"Nisubiri hapo."

Aliwasha maiki na projekta mwenyewe. Mstari ulikuwa ukipumua tayari. Namnyaki alifungua kilemba, akasogea mpaka pale aliposimama mwanawe, akainamisha kichwa kama mtoto, akaamkia.

Mkono ulikuja. Ulikuwa mkubwa, mkavu, wa baridi, na ulipotua utosini ndipo aliposikia kile alichokuwa akisikia Hanna: sauti ya mzee, ya upole, ikimuuliza jina, akalitaja, ikimuuliza kwao, akataja Kisongo. Kisha ikamuuliza, kama mzee yeyote amuulizavyo mwanamke, watoto hawajambo?

"Sina mtoto," alisema Namnyaki, ili asiwepo mjukuu wa kuitwa.

Mkono ukazidi kuwa mzito.

"Sina," alisema tena, kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi kusema jambo lolote maishani mwake, na hakuinua kichwa.